Namba za Chaki Nyangoto

Msimamizi wangu wa utafiti alitaka kila nyumba nitakayoingia ipewe namba. Alisema mwanafunzi asiyeweka namba hurudi nyumba ileile mara mbili bila kujua, na kwamba kuna mmoja alikwisha kumwaibisha hivyo mbele ya jopo. Kwa hiyo nilinunua pakiti ya chaki nyeupe mjini Tarime, nikaiweka kwenye begi pamoja na madodoso, nikaenda Nyangoto kwa baba yangu mdogo.

Mimi nimezaliwa Turwa, pembezoni mwa mji, kwenye mahindi na nyumba za kupanga. Kwa hiyo sina la kujitetea. Mgeni kutoka mbali angeweza kusema hakujua maana ya namba mlangoni kwenye kijiji kilichopakana na mgodi mkubwa. Mimi nilijua. Nimekua nikisikia habari za wathamini wanaopita na rangi nyekundu, wanaandika namba ukutani, wanahesabu vyumba na miti, na watu wanasubiri fidia. Nilijua pia neno la kwetu la kutegesha: mtu akisikia fununu kwamba ardhi itachukuliwa, anasimamisha nyumba ya miti na mabati kwa siku tatu, bila sakafu wala madirisha, anapanda miti ya matunda iliyobanana hata kuku hapiti, kisha anakaa kungoja wahesabuji. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini kichwani nilikuwa pia na sura ya tatu ya tasnifu, ile ya mbinu za utafiti, na sura ya tatu ilisema chaki.

Utafiti wenyewe ulihusu habari. Rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia machimbo mapya, ilikuwa imepamba moto wakati ule. Leo unasikia duara fulani, yaani shimo la wachimbaji wadogo, limetoa mawe mazuri, kesho pikipiki zimejaa barabarani na watu wamebeba sururu na magodoro. Nilitaka kujua nani anawaambia. Na anayewaambia ameambiwa na nani? Na kwa nini wanamwamini? Nilipeleka maswali hayo kwa msimamizi yakiwa kurasa kumi na moja. Akayasoma akiwa amesimama.

"Haya ni ya mtu wa shahada ya tatu," alisema. "Wewe hesabu redio. Kila nyumba ina redio ngapi, wanasikiliza saa ngapi, walisikia habari ya dhahabu kwenye kituo gani. Upate jedwali. Jopo linapenda jedwali."

Nilimuuliza kama jedwali linaweza kusema uongo. Akanitazama kama katekista alivyonitazama nilipokuwa na miaka kumi na mbili, nilipouliza kwa nini tumwombe Mungu ilhali anajua tayari.

Mwenyekiti wa kitongoji alinitambulisha kwenye mkutano mdogo nje ya ofisi ya kijiji. Aliinua barua yangu ya kibali juu, mhuri ukionekana, akasema kwa Kiswahili kisha akarudia kwa Kikurya: "Huyu ni kijana wetu, anatoka chuo kikuu. Atapita nyumba kwa nyumba. Atahesabu redio zenu. Mpeni ushirikiano."

Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma: "Redio tu?"

"Barua inasema redio."

"Na televisheni?"

Nikasimama nikasema ndiyo, na televisheni pia, hata simu. Kukawa na mnong'ono. Niliandika kwenye daftari: *Jamii imeonyesha mwamko mkubwa.*

Kesho yake nikaanza. Karasha za kusagia mawe zilikuwa zinanguruma tangu asubuhi, kwa hiyo maswali niliyauliza kwa sauti ya kugombana. Kila nyumba niliandika namba juu ya mlango kwa chaki. Kila nyumba nilikaribishwa kiti, nikaletewa chai, na chai ile ilichukua muda mrefu kuchemka. Mwenye nyumba alikuwa anatuma mtu nje, anarudi, tunaongea mambo ya mvua, na baadaye ndipo redio zinatolewa chumbani na kupangwa juu ya meza kama vyombo vya harusi. Tatu. Nne. Kwa mzee mmoja mchimbaji zilikuwa tano, na mzee mwenyewe alikuwa kiziwi.

"Anasikiliza saa ngapi kwa siku?" nilimuuliza mwanawe.

"Zote."

"Saa zote?"

"Redio zote. Na saa zote pia, andika."

Niliandika. Ninaloweza kujisifu nalo ni kwamba niliandika sana. Mwalimu wetu wa uandishi wa habari alitufundisha kutaja kitu kilivyo, kwa hiyo pembeni ya kila dodoso nilieleza redio yenyewe: nyeusi ndogo, ya jua yenye taa, ya kaseti isiyo na kifuniko, nyekundu yenye spoki ya baiskeli badala ya antena.

Nyumba moja tu haikuwa na redio hata moja. Ilikuwa ya bibi mjane, jirani wa baba mdogo, upande wa pili wa ua wa minyaa. Nilipoingia nilimkuta anatazama njiani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja mapema."

"Una redio, bibi?"

"Ninayo."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

Nilisubiri. Nikanywa chai. Haikuja. Nilikuwa na nyumba nane mbele yangu na jua lilikuwa linapanda, na kitu kisichoonekana sikufundishwa kukihesabu. Nikaandika sifuri. Yeye alikuwa hajui kusoma, lakini sifuri aliijua.

"Hilo duara umeniandikia la nini?" aliuliza.

Nikamwambia ni utaratibu tu.

Baada ya siku tisa nilikwenda Natta, wilaya ya Serengeti, kwa sababu utafiti ulihitaji mahali pa kulinganisha, mahali pasipo na dhahabu. Huko watu wanalima na kufuga kando ya mapori ya akiba, na baadhi wanafanya kazi kwenye kambi za watalii. Nilikaa siku nne kwa ndugu wa upande wa mama. Redio zilikuwa chache. Mkulima mmoja aliniambia anayo, inalia kutwa nzima.

"Vizuri. Unapenda kipindi gani?"

"Mimi? Mimi sisikilizi."

"Nani anasikiliza?"

"Nyani."

Nilidhani ananitania. Akanichukua mpaka kwenye mahindi yake, na kweli, redio ilikuwa imefungwa kwenye mti katikati ya shamba, inasoma taarifa ya habari. Nyani wakisikia sauti ya mtu hawashuki, alisema. Muziki wameshauzoea, lakini mtu akiongea kwa ukali wanaogopa. Siku za Bunge ndizo nzuri zaidi.

Nilicheka njia nzima kurudi, halafu kicheko kikakatika. Nilikuwa nimefunga safari kwa ajili ya swali moja, *una redio ngapi*, na hapa kulikuwa na redio moja, inayolia, isiyo na msikilizaji hata mmoja kwenye nyumba ile. Kule Nyangoto nilihesabu redio kwa makumi. Je, kuna hata moja niliyoisikia ikilia? Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka karasha tu.

Nyumbani Turwa mama alikuwa amekwisha kukata kitenge. Mahafali yalikuwa mbali bado, lakini mama ni mshonaji na hakutaka kukurupuka mwishoni. Sare ya familia nzima: yeye, shangazi zangu watatu, na wanakwaya wawili waliojialika. Kilikuwa cha bluu na maua ya manjano, vipande vimepangwa juu ya kitanda changu, kwa hiyo nilikaa sebuleni kwenye mkeka na kuanza kuhamisha madodoso kwenye jedwali. Tasnifu ilitakiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ikichelewa, unasubiri kundi la mwaka mwingine. Hilo lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa herufi kubwa, na mama alikuwa amelisikia kwangu mara nyingi kiasi kwamba alilisema yeye kwa majirani.

Nyumba ya pili: redio tatu, moja nyekundu, spoki ya baiskeli. Nyumba ya tatu: nyekundu, spoki ya baiskeli. Nikadhani nimenakili mara mbili. Nyumba ya tano. Ya sita. Ya tisa. Nikamwaga madodoso yote kwenye mkeka na kuyapanga kwa mpangilio wa njia niliyopita, na nikaiona, ile redio nyekundu, inatembea. Ilikuwa inanitangulia nyumba moja. Wakati mimi nakunywa chai kwa huyu, yenyewe ilikuwa inapita nyuma ya nyumba kwenda kwa yule. Na ile ya kaseti isiyo na kifuniko ilikuwa inaifuata. Saba. Redio nyekundu niliihesabu mara saba.

"Unacheka nini?" mama aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Sicheki."

Nilimpigia msimamizi. Nilimweleza. Akasema data zangu zilikuwa zinapendeza, zina mwelekeo, Nyangoto juu na Natta chini, na uchambuzi unakaa vizuri.

"Dokta, ni redio moja. Nimeihesabu mara saba."

"Iandike kwenye mipaka ya utafiti. Aya moja."

"Mipaka ya utafiti ni hiyo redio, Dokta. Hakuna kingine ndani."

"Kijana, kuna utafiti mzuri na kuna utafiti uliokwisha. Ijumaa."

Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi wengi na aliniambia wanachoambiana wahadhiri wao kwa wao. Ningeweza kuiandika ile aya. Niliiandika kweli, sentensi nne, kwa lugha ya chuo ambayo haimuumizi mtu: *baadhi ya vifaa huenda vilitumiwa na kaya zaidi ya moja.* Niliisoma mara mbili. Ilikuwa kweli na ilikuwa uongo. Jumatano asubuhi nikarudi Nyangoto.

Nilichokiona kwanza ni chaki yangu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile, lakini namba zilikuwepo, nyeupe kama nilivyoziacha, kwa sababu watu walikuwa wamezifunika. Juu ya milango kulikuwa na vipande vya nailoni vimepigiliwa misumari pembe nne. Nyumba ya tatu walikuwa wameikoleza namba kwa rangi ya mafuta. Kwenye kiwanja cha jirani yake, kilichokuwa kitupu siku nilipopita, kulikuwa na nyumba mpya ya mabati isiyo na mlango, na kwenye nguzo mtu alikuwa amejiandikia mwenyewe, kwa chaki, namba inayofuata ile yangu ya mwisho.

Nilisimama pale barabarani na madodoso yangu. Nilikuwa nimekuja kutafiti jinsi habari inavyosambaa. Sasa nilikuwa naitazama ile niliyoisambaza mimi.

Baba mdogo nilimkuta anaosha buti za mgodini. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza moja kwa moja.

"Mura," alisema bila kuinua macho, kwa neno letu la kumwita kijana, "wewe unauliza kama askari."

"Walidhani mimi ni mthamini?"

"Hawakudhani. Wewe ni mwanangu, wanakujua. Walidhani umetumwa mbele. Safari hii, walisema, wanahesabu vya ndani kwanza, nyumba baadaye. Ndiyo maana wamemtuma mtoto wa hapa, asiogopwe."

"Na wewe ulinyamaza."

"Nilikuuliza. Siku ile ya kwanza nilikuuliza, mwisho wa karatasi hizi ni nini? Ukasema zitawekwa maktaba. Nani atahesabu redio za Nyangoto aziweke maktaba? Hata mimi nikaona kuna jambo unaficha." Akakung'uta buti. "Redio mbili za hapa kwangu zilitoka kwa jirani. Na wewe ulilala humu humu, siku tisa, hukuuliza kwa nini hazilii."

Hapo alinipata. Nikamwambia redio zote ni uongo na nitaanza upya. Akasema nikianza upya watu watazileta tena, na safari hii watazikodi mpaka Sirari.

"Basi nitawaambia ukweli. Kwamba hakuna fidia yoyote kwenye karatasi hizi."

"Waambie," alisema. "Lakini anza kwa mke wako pale. Amekununia tangu siku ile."

Bibi alikuwa amekaa nje ya mlango wake, mguu mmoja ameunyoosha, anapukuchua mahindi. Juu ya mlango namba kumi na nne ilikuwa wazi, haina nailoni, mvua imeilamba nusu.

"Shikamoo bibi."

"Wewe mwanamume umenipa talaka, unanisalimia ya nini?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Umeniandika sina. Kijiji kizima wanazo, mimi sina. Na redio ni yangu."

"Ipi?"

"Ile nyekundu. Ya marehemu. Aliiweka spoki kwa mkono wake." Akapukuchua hindi moja lote kabla ya kuendelea. "Waliiazima. Wakasema itanirudia kabla hujafika. Eti watu wenye mbio, kumbe wewe ukaja ukakaa pale unakunywa chai, redio yangu bado iko kwa yule kiziwi."

Nilikaa chini, kwenye udongo. Nilitaka kumwambia maneno niliyoyapanga, kwamba mimi si mthamini, kwamba hakuna atakayelipwa, na nikayasema, yote, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo. Alinisikiliza. Sikuona mshangao usoni pake wala huzuni.

"Kwa hiyo na wao hawapati?"

"Hakuna anayepata, bibi. Ni shule tu."

"Yule wa redio tano?"

"Hapati."

"Basi vizuri," alisema, na ule mguu akaukunja.

Nilimuuliza kama redio imerudi. Imerudi. Aliingia ndani akaitoa, nikaipokea kwa mikono miwili, ile redio niliyoijua kuliko mtu yeyote Nyangoto. Nikafungua nyuma. Ndani hamkuwa na betri.

"Wamekuibia betri."

"Nani aibe? Redio niliazimisha, betri sikuazimisha." Akaonyesha juu kwa kidole. Kwenye ukingo wa bati, betri mbili kubwa zilikuwa zimelazwa juani zipate joto. "Betri zangu zina saa moja tu kwa siku. Saa kumi, vifo. Nikishajua nani kafa na anazikwa wapi, nazima."

"Na habari za dhahabu?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Dhahabu itangazwe redioni, mume wangu? Ukiisikia redioni ujue imekwisha."

Hilo ndilo lilikuwa jibu la tasnifu nzima, na halikuwa na mahali pa kukaa kwenye dodoso langu. Nilikuwa na viboksi vya vituo vya redio sita na kimoja cha *Nyingine, taja*. Nilimuuliza basi yeye anazisikiaje. Akasema anatazama wanawake wanaouza vitumbua barabarani. Wakihamia upande fulani wote kwa pamoja, huko kuna kitu. Mtu wa duara atakudanganya, hata mwanawe atamdanganya. Lakini mwenye vitumbua hawezi kukaa pasipo na watu wenye njaa.

Nikaandika. Kisha nikamwomba kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha mbinu za utafiti. Nilimwomba betri zake.

"Za nini?"

"Nipite nazo nyumba zote. Redio itakayolia, naiandika. Isiyolia, naiacha."

Aliwaza. Alitazama jua. "Zirudi kabla ya saa kumi."

Nilizunguka na betri zikiwa mfukoni, zimepata moto, zinanipiga pajani kila hatua. Nilianza kila nyumba kwa kusema hakuna fidia. Wengine walinifungia mlango. Mmoja aliniuliza nimelipwa na nani nibadilishe maneno. Kwa kiziwi mwanawe alikataa nisiguse kitu mpaka niifute kwanza ile namba niliyoiandika. Nikaifuta kwa kitambaa chenye maji, na ndipo akatoa redio moja, akasema ndiyo hiyo, zingine si zao. Nilitia betri. Ikakwaruza, ikaongea. Nikaandika moja. Baba mdogo yeye alikataa namba yake isifutwe. "Acha," alisema. "Huwezi kujua."

Simu iliita nikiwa nyumba ya kumi na moja. Mama.

"Umeshatuma?"

"Bado."

"Bado nini? Kesho kutwa ni Ijumaa."

"Mama, Ijumaa sitawasilisha."

Nilisikia cherehani ikisimama. Nilimweleza habari ya redio, upesi upesi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mpumbavu, maana kwa simu ilikuwa hadithi ya mtoto wa mama aliyeharibu mwaka kwa sababu ya redio ya jirani.

"Mwalimu wako anajua?"

"Anajua. Alisema niandike aya moja."

"Kwa nini usiandike?"

Mimi niliyemuuliza katekista, niliyempelekea msimamizi maswali kurasa kumi na moja, sasa nilikuwa naulizwa mimi. Nilisema nimeiandika, ila nimeshindwa kuiacha humo. Akasema kitenge ameshakikata. Nikasema najua. Akasema shangazi zangu wameshapimwa. Nikasema najua, mama. Cherehani haikuanza tena mpaka simu ilipokatika, na siku mbili zilizofuata hakupokea nilipopiga.

Mpaka leo sijui kama nilifanya hivyo kwa ajili ya ukweli au kwa sababu sipendi kushindwa na redio. Wenzangu walihitimu mwaka ule. Mmoja wao alikuwa na jedwali linalofanana sana na langu la kwanza, na jopo lililipenda.

Nyumba ya kumi na mbili na ya kumi na tatu zilinichelewesha kuliko nilivyotegemea. Nilipotazama saa ilikuwa saa kumi na dakika sita. Nilikimbia kupitia kwenye minyaa, betri mkononi, nikamkuta bibi amesimama mlangoni na redio imefunguliwa nyuma, ameishika kama mtoto anayesubiri sindano.

"Umechelewa."

"Nisamehe bibi."

Alizitia mwenyewe, akakaza kifuniko kwa kipande cha mpira, akawasha. Mtangazaji alikuwa katikati: *…mazishi yatafanyika kesho saa saba mchana nyumbani kwa marehemu. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo.* Kisha ukaingia wimbo.

"Nani?" aliuliza bibi. "Wamesema nani?"

"Sijasikia."

"Mtu wa wapi?"

"Sijasikia, bibi. Watarudia."

"Unajua watarudia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu mambo ya utangazaji, ratiba, vipindi, marudio.

"Sijui," nilisema.

Akasogeza kigoda, akanipa nafasi. Nilikaa. Karasha zilikuwa zinanguruma upande wa pili wa njia, kwa hiyo tuliinamisha vichwa vyote viwili kwenye ile redio nyekundu, na tukasubiri.